Mtu wa Kunikagulia Gari

Jumatano, 3 Septemba

Dereva wa teksi amekataa ngazi yangu. Si wa kwanza. Akaitazama, akanitazama, akasema viti vyake vipya. Nimetembea nayo begani mpaka kwa mteja. Mapazia yakaja nyuma na teksi nyingine, yamejikunja kama matambara. Nimeyapiga pasi upya kwenye meza yake ya kulia, mwenye nyumba amesimama kichwani kwangu kama msimamizi wa mtihani.

Basi. Nanunua gari. Nilichoweka kinatosha la mtumba, na nikikosea hakuna mara ya pili.

Nimempigia binti yangu chuoni. Alicheka kwanza. Kisha akauliza: mama, gari utalijua wewe? Sitalijua. Najua vitambaa. Kitambaa nikikishika nimefumba macho nakwambia kitanywea kiasi gani kikifuliwa. Gari naona rangi tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Kila mtu ana mtu. Jirani wa juu ana mtu. Anayeniuzia nyuzi ana mtu. Kaka naye ana wake, fundi makanika, na leo tumeongozana naye hadi yadi ya magari.

Dalali wa pale anavaa miwani ya jua ndani ya ofisi. Nimembatiza Miwani. Yeye na fundi walikumbatiana kama waliozaliwa pamoja. Gari jeupe, linang'aa mpaka matairi. Fundi akafungua boneti, akasikiliza injini kichwa upande, akasema dada, hii haijachoka, chukua ufunguo. Hakulala chini kuangalia. Hakuliendesha. Nikauliza matone yale sakafuni ni ya nini. Maji ya AC, akasema. AC ilikuwa imezimwa.

Nikasema nitafikiri. Kaka akanuna njia nzima. Tulipokaribia kwangu akafunguka mwenyewe: ningenunua, Miwani angemkatia kidogo. Na fundi? Na fundi pia. Si wizi, anasema, biashara ndivyo ilivyo. Nikamwambia lakini mimi ni dada yako. Akasema ndiyo maana aliomba wanipunguzie.

Nimemkaribisha chai. Akanywa vikombe viwili.

Jumapili, 7 Septemba

Mwalimu anauza lake. Huyu ni yule mama mstaafu niliyemshonea mapazia ya kijivu. Gari dogo, rangi ya fedha, buti refu. Nimelipima kwa futi yangu ya kushonea: ngazi itaingia ikilazwa mshazari. Anasema siku zote lililala chini ya bati, na hakuna aliyelishika ila yeye na mwanawe, ambaye sasa amehama. Anaongea taratibu, mama wa watu. Nilitaka kutoa mkono pale pale. Nikajizuia. Nani ataliangalia?

Binti, kwenye simu: si umwambie baba? Nikasema nitatafuta mtu. Akasema mama, huyo ndiye mtu.

Anachosema ni kweli. Baba yake ni mkaguzi wa magari katika kampuni ya bima. Gari likigongwa anatumwa yeye kusema limeumia wapi na nani anadanganya. Kwangu alidanganya mwenyewe, miaka kadhaa, kuhusu alikolala. Safari za kazi – kumbe kazi yenyewe ina jiko na kitanda. Lakini kuhusu gari sijamsikia akipindisha neno. Ndugu yake wa damu alileta gari alilolibamiza kwa makusudi, alipwe. Yeye akaandika ukweli. Hawakusalimiana mpaka msiba wa mama yao.

Ni watu wawili ndani ya shati moja. Mimi namhitaji mmoja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia baba wa binti. Akapokea mkewe wa sasa.

Sikujiandaa. Hatujawahi kuvuka salamu, mimi naye. Akasema mwenye simu yuko bafuni, mtoto ana tatizo? Nikasema hapana, ni gari. Gari? Nataka kununua, naomba aniangalizie. Akasema atamwambia, nisizime simu.

Akamwambia kweli. Angeweza kusahau. Watu husahau.

Mume alipochukua simu hakuniuliza hali. Linauzwa na nani? Kwa nini? Mafuriko yale ya mwaka juzi lilikuwa wapi? Nitajuaje mimi. Usitoe hata pesa ya kushikia, akasema. Nitakuja Alhamisi.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Nimeshona foronya tu. Kaka ameandika kuuliza kama bado nafikiri. Bado.

Alhamisi, 11 Septemba

Alikuja amevaa ovaroli ya bluu, ana tochi na boksi la kulalia. Amenenepa. Mvi zimepanda hadi kisogoni. Sikuhisi kitu – nimejikagua.

Mwalimu alileta chai, hakuigusa. Alilizunguka gari akiwa amechuchumaa, jicho limelalia ubavu wa bodi. Akaliwasha likiwa baridi. Akalala chini. Nilijua atainuka vipi, mkono wa kushoto kwenye goti, na akainuka hivyo hivyo. Kuna vitu vya mwili wa mtu mwingine visivyotoka kichwani mwako.

Mwisho akaketi kiti cha nyuma akauvuta mkanda. Wote, mpaka ukagoma. Kile kipande cha mwisho ambacho hakuna anayekivuta kilikuwa na mstari wa kahawia. Tope kavu. Akanionyesha, akauachia urudi.

Barabarani ndipo akasema. Limezama. Maji yalifika kwenye viti. Waya zitaoza moja moja – leo taa, kesho kitu kingine, na hutajua kipi mpaka kikukute njiani. Usinunue. Nikamuuliza kama Mwalimu anajua. Akasema hakuja kumkagua Mwalimu. Akapanda gari lake akaenda.

Kumwambia nikaachiwa mimi. Nikarudi ndani. Mwalimu alisikiliza huku akikunja kitambaa cha trei, akikikunjua, akikikunja tena. Mwanawe alikaa na gari msimu ule wa mvua, akasema. Alilirudisha safi kuliko alivyolichukua. Yeye mama alifurahi siku hiyo, akaona mtoto amekua.

Kisha sauti ikabadilika kidogo. Mwanangu, mwanamume mliyeachana naye ana sababu zake za kusema hivyo. Sikubishana. Tope nililiona.

Ijumaa, 12 Septemba

Baba wa binti amepiga asubuhi kabla sijafungua cherehani. Liko gari moja analoweza kuliapia: la mkewe. Wanaliuza, mkewe amepata kazi jirani na kwao, anakwenda kwa miguu. Bluu, buti refu. Tangu walinunue halijaguswa, hata mkwaruzo. Kila bolti anaijua.

Yaani mkaguzi ndiye muuzaji. Na nani atalikagua hilo?

Kaka anasema nimerukwa na akili, bora hata Miwani. Binti anasema baba hawezi kukuuzia gari bovu. Anaamini hivyo kwa moyo wote. Na mimi naamini, na ndicho kinachoniudhi.

Gari lenyewe nalifahamu. Nililiona mara ya kwanza limeegeshwa mtaa ambao yeye alikuwa ameniambia hayupo.

Nimemwambia nitakuja kesho.

Jumamosi, 13 Septemba

Geti lao la kijani, ua umefagiliwa. Mapazia ya sebuleni ni mafupi kuliko dirisha. Jicho hili halipumziki.

Mume alitaka tuende watatu. Mkewe akasema baki, tunazunguka tu, akanipa ufunguo na kukaa kushoto kwangu. Ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka, au ni mimi niliyemkuza kichwani. Tukaondoka. Breki zinashika. Gia laini. Usukani hauvuti upande. Nilianza kulipenda, potelea mbali lilikotoka.

Nyuma ya uwanja wa mpira akasema, "Egesha hapa, dada."

Nikaegesha. Alikuwa amebana mikono katikati ya magoti.

"Kuna kitu ukijue kabla hujatoa pesa yako. Hili niliwahi kuligongesha."

"Amesema halijaguswa."

"Yeye hajui."

Mumewe alikuwa safarini, akasema. Safari ya kazi kweli, akaongeza, bila kutabasamu. Yeye akirudi kinyumenyume akabamiza nguzo. Mlango wa nyuma wa kulia na kona yake. Akatafuta fundi wa bodi mbali na kwao, likanyooshwa, likapakwa rangi, likakaa kwa shoga yake mpaka harufu ikaisha. Mume akarudi. Anaupita mlango huo kila siku.

"Ungemwambia tu," nikasema. "Ni nguzo."

"Ungemsikia anavyouliza. Saa ngapi. Ulikuwa unatoka wapi. Ulikuwa na nani. Ile njia ulifuata nini."

"Yeye ndiye anauliza hivyo?"

"Kila siku."

Mimi hakuniuliza lolote miaka yote. Nilidhani ni kuniamini.

Tukashuka. Akanionyesha. Kwa macho, hakuna kitu. Nikapitisha kidole kama kwenye mshono, na hapo nikauhisi: rangi inapanda kidogo, kama pindo lililokunjwa mara mbili. Chasi haikuguswa, akasema, alilala chini mwenyewe akahakikisha, na picha anazo. Akanionyesha. Nikazitazama moja moja.

"Kwa nini unaniambia?"

"Binti yenu atakaa upande huu." Akafuta vumbi mlangoni kwa kiganja. "Ila naomba mume wangu asijue."

Tuliporudi mume alikuwa getini, mikono nyuma. Akalipokea gari kwa macho: taa, bampa, matairi. Akaniuliza mimi nimelionaje. Nikasema breki nzuri. "Si nilikwambia? Halijaguswa," akasema, akapiga makofi mawili kwenye mlango ule ule. Mkewe alikuwa bado amekaa, amefunga mkanda, anatazama mbele.

Nikaomba mpaka kesho.

Sasa niko mezani, chai imepoa. Gari ni zuri. Ningelinunua leo hii, na mlango wake. Nilikuwa nataka kuandika hivyo tu nifunge daftari.

Lakini simu ina jumbe mbili. Wa mume: mlipita njia gani, mbona mlikawia? Wa mkewe, umeingia nyuma yake tu: akikuuliza, sema tulisimama kuweka mafuta.

Geji ya mafuta ilikuwa robo tulipotoka. Ilikuwa robo tuliporudi. Na mumewe ni mtu wa kutazama geji.

Simu inaita. Ni yeye.