Hongera kwa Cheo Kipya

Jumatatu, 4 Machi
Nimeingia mtandaoni! Miaka themanini na mitatu, moyo unapiga kwa kusuasua, na bado nina ukurasa kwenye mtandao wa wanataaluma. Mjukuu wangu kaufungua, kakaa ukingoni mwa kitanda changu. Tumeandika: Mtaalamu wa udongo, mstaafu. Mtayarishaji wa ramani ya kwanza ya udongo wa jimbo. Kufika adhuhuri — watu sitini na mmoja wameomba kuungana nami!

Jumatano, 6 Machi
Nimekemewa. Kila mtu nilimjibu kwa kirefu: hujambo, wazazi wazima, watoto je, kazi zinaendaje. Mwanasheria mmoja nilimuuliza kama ameoa. Mjukuu kashika kichwa: "Bibi! Huku si sebuleni. Mistari miwili, useme mlifahamiana wapi, basi!" Nimecheka hadi kifua kikabana.

Ijumaa, 8 Machi
Leo kaja ukurasani mpimaji wangu wa udongo wa zamani. Ombi lake lina adabu kuliko yote: Shikamoo mama, nilifanya kazi chini yako mwaka ule wa ramani, sina ninachoomba, nimefurahi tu kukuona u hai. Ukurasani kwake kajiita "msaidizi wa shambani."

Msaidizi! Mashimo mia nne alichimba yeye. Udongo aliupima yeye, ramani nzima akaichora yeye. Mimi nilisahihisha tahajia, nikaandika pembeni jina moja tu — langu. Nikapanda cheo. Yeye mkataba ukaisha, hakuongezewa. Sijawahi kumwambia mtu. Daktari kanipa wiki chache, na sitaki kwenda nalo kaburini.

Nilitaka kutangaza papo hapo. Mjukuu akasema mtu hatajwi hadharani kabla hajaulizwa. Kweli. Nimemwandikia faraghani: nimekukosea, naomba ruhusa nilitaje jina lako.

Jumamosi, 9 Machi
Amesoma ujumbe wangu, hajajibu. Nimeshindwa kungoja — nimefuta "mtayarishaji", nikaandika "msaidizi wa aliyetayarisha ramani". Ukurasa ni wangu, au sivyo?

Kumbe mtandao unatangaza kila badiliko! Nusu saa tu, pongezi tele. Hongera kwa cheo kipya! Hongera mama, songa mbele! Mwanasheria kaleta picha ya maua. Nimejishusha cheo kwa mkono wangu na watu wananipigia vigelegele! Mjukuu kacheka hadi machozi.

Kisha kicheko kikamkatika. Chini ya pongezi zote, wazi kwa kila mtu, mpimaji kaandika: Mama, msaidizi wa nani?

Mjukuu ananisihi nimjibu pembeni, ndiyo adabu. Nimekataa. Kauliza mbele ya watu, atajibiwa mbele ya watu! Naandika jina lake chini ya swali lake. Mara mbili nimekosea herufi, nimefuta. Jina lake la kwanza limekaa sawa. Sasa la baba yake —