Wimbo Asiopaswa Kuusikia Mkwe

Jumanne, 4 Juni
Faili ya kumi na saba. Nasikiliza, nasimamisha, naandika Kisukuma, natafsiri. Umeme umekatika mara mbili. Leo nyimbo za palizi za Mama Minza, jirani yetu hapa Bariadi. Wanawake huziimba peke yao kwenye pamba, na wanaume wanasemwa humo bila huruma. Nimecheka mpaka machozi. Alikubali nimrekodi kwa sharti moja: mkwewe, mume wa Minza, asizisikie. Huku mkwe na mama mkwe hupishana njiani bila hata kutazamana. Kwenye swali la ruhusa, fomu ya hifadhi ya kidijitali ina visanduku viwili tu, Ndiyo na Hapana. Nimetia tiki kwenye Ndiyo. Sharti nimeliandika chini, kwenye maelezo.

Ijumaa, 7 Juni
Msimamizi wangu kafika kutoka chuoni. Jumapili tunawarudishia wananchi utafiti, uwanjani. Kaomba faili zote. Nimempa. Anasema tasnifu isiyowafikia watu ni karatasi tu. Nikaitikia kwa kichwa, mjinga mimi.

Jumapili, 9 Juni
Nina hasira. Msimamizi kaupiga wimbo wa Mama Minza kwenye spika kubwa, na picha yake kwenye skrini! Mkwe alikuwa mstari wa pili. Ulipofika ubeti wa wakwe wavivu, watu wakageuka kumtazama. Akainuka, akaondoka. Mama Minza akajifunika uso kwa khanga. Msimamizi akapiga makofi. Makofi!
Nimemfuata. Maelezo hakuyasoma. "Fomu yako inasema Ndiyo," kanijibu. Tiki ni yangu kweli. Namchukia, na mwenyewe najichukia.

Jumatano, 12 Juni
Minza kajifungua jana, mtoto wa kike. Mama yake alishafunga mzigo wa kwenda kumlea mzazi. Kaufungua. Hawezi kukanyaga kwa mkwe. Hakuna aliyemkataza, ni aibu tu.
Nimempigia msimamizi autoe wimbo kwenye tovuti ya hifadhi. Hataki. Eti ukitoka, sura ya tatu ya tasnifu yangu nayo imekwenda, na anataka kuupiga tena Maswa siku ya mnada. Mtu mzima, msomi, hana haya! Nywila ninayo. Nimeufuta mwenyewe, na sura ya tatu pia. Jioni nimepita stendi. Vijana wanao wimbo tayari kwenye simu.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda kwa Mama Minza asubuhi. "Mwangaluka, mayu." Kaitikia. Nimemwomba radhi. Akaingia ndani, akaniletea mfuko: khanga mbili kuukuu, unga wa uji.
"Nipelekee wewe, ng'wanone." Mwanangu, kaniita.
Kwa Minza, mkwe kanikaribisha vizuri, akatoka nje. Minza kaniuliza mama yake anakuja lini. Nimechemsha uji. Nimepasha maji, nimemwogesha mtoto, nimempakata mpaka akalala. Nimempakata mimi kabla ya bibi yake.