Utando wa Tangi la Pili

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai magoti hayakusumbui. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Likizo imekubaliwa: mwisho wa Aprili nitakuwa sebuleni kwako.

Msimamizi kaenda mafunzoni wiki mbili, kaniachia mtambo wa majitaka. Tangi la pili limejaa vigurudumu vya plastiki vinavyozungushwa na hewa, na vyote vimeota utando wa kahawia, utelezi mtupu. Ungeviona ungeshika brashi papo hapo. Nitavisafisha kwa klorini kabla hajarudi, ajue nimelelewa na nani.

Bintiyo

19 Machi

Mama,

Marahaba. Magoti hayajambo, yananisalimia kila ngazi. Miaka ishirini na saba nimepiga deki wodi za hospitali na hakuna daktari aliyewahi kukuta doa. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa nikwambie nililokuficha. Macho yangu yanazimika. Daktari anasema ni presha ya macho, dawa zinachelewesha tu, na nikibahatika nitafika mwezi wa saba nikiwa naona. Kwa hiyo Aprili inatosha. Miaka sita nakuona kwenye picha. Nataka nikutazame mpaka uchoke.

Baba yako

22 Mei

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje na macho? Najua umengoja Aprili nzima nami kimya. Nilikuwa naona aibu.

Ule utando haukuwa uchafu. Ndio uliokuwa ukifanya kazi. Ndani yake waliishi vijidudu wanaokula amonia, ile sumu ya majitaka, kabla maji hayajaingia mtoni, na mimi niliwaua wote kwa mchana mmoja, nikapiga na picha ya vigurudumu vyeupe pee. Msimamizi aliporudi alicheka, akadhani natania. Kisha akapima maji.

Hakunifukuza. Amesema sitoki hapa mpaka niuoteshe utando mwingine. Tumeomba tope la mtambo jirani liwe mbegu, na kila asubuhi napima amonia, lakini kwenye baridi vijidudu hawana haraka. Huenda mwezi, huenda mitatu. Nilimweleza habari za macho yako. Aliinama, akasema wanaochota maji huko mto unakoteremkia nao hawawezi kungoja. Ni kweli, baba, na inaniuma. Nisamehe.

Bintiyo

4 Juni

Mama,

Marahaba. Nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa. Kosa ni la mwalimu pia: maisha yangu yote niliwaua vijidudu, sikujua kuna wengine wa kulea.

Usitoroke kazi. Ukija huku umeacha mto unanuka nyuma yako, hatutakula kwa raha. Bado naliona dirisha, na mtu akisimama mbele yake. Mwandiko umepinda, uvumilie. Nina hamu nawe mpaka nyumba naiona kubwa.

Baba yako

16 Agosti

Baba,

Shikamoo, na pole kwa upweke. Amonia imeshuka siku kumi mfululizo. Utando umerudi, mwembamba, unateleza kidoleni. Nililia palepale juu ya tangi, msimamizi akajifanya anasoma mita. Nafika Jumamosi ya tarehe 30.

Nimekuandikia mara mbili Julai, hukujibu. Niambie tu kama u mzima.

Bintiyo

21 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mkono unaoandika ni wa jirani yetu, fundi cherehani. Nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba.

Giza limekamilika tangu katikati ya Julai. Barua zako mbili sikutaka zisomwe na mtu mwingine, basi nilikaa nazo mfukoni. Hii ya tatu ilinishinda, nikamwomba anisomee.

Siku moja niliwakasirikia sana wale vijidudu wako, na wewe pia. Ilipita. Nilitamani mno kuuona uso wako, siwezi kukudanganya kwamba si kitu. Lakini hamu ya kuwa nawe haikuzimika pamoja na macho.

Ukifika, usisimame mlangoni kimya ukinitazama. Niite, halafu uendelee kusema, chochote tu, nami nitaifuata sauti mpaka nikushike.

Baba yako