Bomba la Baba Mkwe

Koku mjukuu wangu, huku hatujambo, ila babu yako bado anakohoa. Umeuliza ufanyeje bomba likififia. Funga maji, ng'oa koki kwa spana, uoshe mchanga wa ndani. Masista walinifundisha shuleni.

Nilipoolewa Bweranyange, bomba la baba mkwe lilififia hivyohivyo. Mama mkwe akamcheka, "Mzee, linakojoa kama mbuzi mgonjwa!"

"Limeziba kule mlimani," akajibu, akatoka na jembe mvuani.

Niliwasikia nikiwa nyuma ya pazia. Kwetu bibi harusi hasemi na baba mkwe, lakini mama mkwe ningemnong'oneza. Niliona haya. Mzee alichimba siku mbili, akashikwa na kifua, tukamzika.

Baada ya matanga niliazima spana. Maji yakaruka, mama mkwe akanishukuru sana. Sikumwambia kwamba nilijua tangu mwanzo.

Bibi yako