Binti Amesusa Karakana kwa Maneno Matano ya Menyu

Mshauri, salamu nyingi, na barua hii usiiweke chini kabla hujafika mwisho.

Nina miaka sabini na tisa, nimewapita wenye nyumba wanne waliotaka kunitoa kwenye chumba hiki cha kazi, nimewazika mafundi wenzangu wote sita tulioanza pamoja, daktari aliyeniambia nimebakiza miezi sita naye nimemzika, na kiwanda kilichounda mashine ya kwanza niliyoifungua kimekufa, mimi nipo, na bisibisi yangu ni ile ile. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa hana jipya. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu mjinga, nakuandikia kama mtu aliyekosewa adabu.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani zilizoharibika. Sishoni. Narudia, sishoni, maana balaa lote limeanzia hapo. Zamani mlangoni nilikuwa na kibao kimeandikwa FUNDI CHEREHANI, na wewe unajua watu wakisikia fundi cherehani wanaelewa mshonaji, basi miaka na miaka wananiletea suruali za kupunguza, mmoja akaniletea gauni la harusi asubuhi ya harusi yenyewe, nilipomwambia mimi natengeneza mashine akakaa kizingitini akalia kama nimemwibia mume, siku hiyo nikakichoma kile kibao nikaapa neno hilo halitaandikwa tena kwenye mali yangu mpaka nife.

Sasa binti yangu kitindamimba, niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu na ambaye anafungua mashine hata akiwa amefumba macho, ingawa si kama mimi, akanitengenezea tovuti. Juu yake akaweka mstari wa maneno wanaouita menyu, mimi nilidhani menyu ni ya mkahawani, kumbe mtu akibonyeza neno anapelekwa kwenye ukurasa wake. Akaandika: Kutengeneza Cherehani, Vipuri vya Cherehani, Cherehani za Kuuza, Simu na Mahali Tulipo. Nikahesabu, cherehani mara tatu! Nikamwambia futa.

"Baba, watu wanatafuta kwa neno hilo. Injini ya utafutaji inasoma maneno ya kwenye menyu."

"Injini mimi nimefungua za kila aina. Hiyo mafuta yake yanawekwa wapi?"

"Haina mafuta, baba."

"Basi si injini. Futa."

Nikampa maneno yangu matano ya kiutu uzima: TABIBU, WODI, MAHUTUTI, WALIOPONA, DAWA. Niliyaandika kwa chaki ubaoni akayapiga picha, ndizo zikawekwa juu ili watu wauone mwandiko wangu. Akasema injini haisomi picha. Nikamwambia isiyosoma mwandiko wangu ni mbumbumbu. Chini ya picha nikaamuru achape: Tabibu bingwa wa viungo vilivyokaza. Maana mashine ikikaza viungo, nani anailegeza? Mimi.

Na simu zinalia, asikudanganye mtu. Siku moja mwanamke kapiga.

"Shikamoo, daktari. Mama yangu goti limekaza."

"Marahaba. Mara ya mwisho limetiwa mafuta lini?"

"Jana, tulimchua."

"Ni ya mkono au ya mguu?"

"Goti la mguu, daktari! Kwani kuna la mkono?"

Akakata simu, hana hata adabu. Wa namna hiyo wanapiga watatu wanne kwa siku, wenye mashine hawapigi kabisa, nadhani wananiogopa. Binti akasema kosa ni la menyu, nikamwambia kosa ni la watu, akavua aproni akaitundika, leo wiki ya pili hajaja. Nimesikia Jumatatu ijayo anaanza kazi karakana ya mtaa wa pili, kwa yule jamaa ambaye tovuti yake imejaa neno cherehani kama upele, na kaniambia wazi atarudi tu nikimwachia menyu. Mimi macho yangu siku hizi hayalioni tundu la sindano, yeye ndiye anayeliona, lakini hilo usilitoe gazetini.

Naomba umwandikie, wewe anakusoma, umwambie baba hakosolewi, arudi kazini, na menyu ibaki kama ilivyo. Kama unadhani natia chumvi, yupo mshonaji wa mlango wa pili, alisikia kila neno maana ukuta wetu ni wa mbao, na yupo mwenye duka la vitambaa aliyemfuta machozi yule wa gauni. Waulize hao.

Ni mimi, Tabibu wa Mashine.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Heshima niliyokuwa nayo kwako imeishia kwenye salamu hiyo, itunze.

Nimewauliza mashahidi wako. Mwenye duka la vitambaa anakumbuka gauni na machozi. Anakumbuka pia kwamba alikushauri uongeze neno moja kwenye kile kibao, ukamfukuza dukani kwake mwenyewe. Neno lenyewe ni KUTENGENEZA. Fundi cherehani ni mshonaji, sawa, hapo ulionewa. Lakini kutengeneza cherehani ni kazi yako, na hakuna bibi harusi atakayeleta gauni hapo. Binti yako aliliona hilo bila kuambiwa, akalitanguliza. Wewe ukaona neno unalolichukia ukaacha kusoma, na hilo si suala la darasa la tatu, ni kiburi.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika "kutengeneza cherehani". Nikapekua kurasa tatu nzima. Jamaa wa mtaa wa pili yupo wa kwanza, wewe hupo popote. Nikaandika "tabibu wa viungo", ukajitokeza wa pili, chini ya mtu anayenyoosha migongo. Hiyo injini unayoitukana si mbumbumbu, mzee. Umeiambia wewe ni tabibu, nayo imekuamini. Mjinga hapo ni nani?

Kisha nikajifanya mteja. Nikabonyeza TABIBU, nikakuta picha yako. WODI, picha yako umeshika mashine. DAWA, chupa ya mafuta, na wewe nyuma yake. Namba ya simu nimeikuta chini kabisa ya MAHUTUTI, baada ya kubonyeza mara saba. Mshonaji ambaye mashine imemkwamia na mteja amesimama mlangoni habonyezi mara saba. Anabonyeza mara moja, akikukosa anakwenda kwa jirani. Eti wanakuogopa! Hawajui hata kama upo.

Na huyo mwanamke wa goti, ulipaswa kumwambia ampeleke mama yake hospitali. Mtu ana maumivu, wewe unamuuliza habari za mafuta.

Haya, sasa tufike pale uliporuka. Mshonaji wa mlango wa pili ameniambia kwamba kwenye WALIOPONA umeweka picha za mashine kumi na tisa, na chini yake maneno: Zimeponywa na mkono mmoja. Kumi na nne kati ya hizo alizitengeneza binti yako. Alikuomba mwandike "baba na binti". Unakumbuka ulivyomjibu? Mbao zinakumbuka. Ulimwambia, "Wewe ni wa kunishikia tochi." Aproni ilivuliwa hapo, mzee, wala si kwenye neno cherehani. Menyu ni kitu alichokutajia kwa sababu hilo jingine alishindwa kulisema bila kulia.

Simwandikii. Ulichosema umekisema kwa mdomo wako, nenda ukakirudishe kwa mdomo huo huo. Na uliniomba nisitoe habari ya macho yako, nimeitoa makusudi, kwa sababu katika barua yako yote ndiyo sentensi pekee niliyoiamini, na nataka aisome.

Gazeti hili linatoka Ijumaa, yeye anaanza kazi Jumatatu. Kwa hiyo kesho asubuhi vaa viatu uende kwake mwenyewe. Usipige simu, usimtume mshonaji. Akikufungulia, usikae kwanza. Mwambie, "Mama, neno la tochi lilikuwa la kipumbavu. Zile kumi na nne ni zako." Halafu funga mdomo. Najua ni kazi ngumu kuliko injini zote ulizofungua, ila funga. Akimaliza yake, mwambie menyu ni yake: picha za chaki zitoke, maneno yake manne yachapwe kwa herufi za kawaida, namba ya simu ikae juu pa kuonekana, na ule mstari wa tabibu wa viungo ufutwe siku hiyo hiyo. Kama ataandika cherehani mara tatu au mara thelathini, wewe itikia tu.

Huenda akakubali, maana mshonaji anasema kila jioni bado anapita upande wa pili wa barabara akiangalia kama taa ya karakana inawaka. Huenda pia akakataa. Akikataa usimlaani wala usiniandikie tena. Mtakie kazi njema, urudi ukakae na maneno yako matano. Utakuwa umepata ulichokuwa ukikitafuta.