Mteja aliyeninyooshea bunduki

Mdogo wangu Neema,

Huku ughaibuni, mtaani kwetu Downsview, sote tu wazima. Mama amerudi kwenye zamu zake hospitalini, na Baba bado anailalamikia baridi. Nimefurahi kusikia unamsaidia shangazi dukani. Umeniuliza nafanyaje wateja wasiojua kitu wakinikera, ilhali unanijua, sauti yangu haifiki hata meza ya pili.

Duka letu huuza bunduki za kuwinda. Juzi nilikagua moja, nikahakikisha ni tupu, nikampa mzee mmoja aitazame. Hapa kila anayeipokea hukagua tena mwenyewe. Yeye aliinyanyua tu, akanilenga kifuani, kidole kwenye kifyatulio.

"Usiogope, binti, haina risasi!" akacheka.

Nikachuchumaa nyuma ya kaunta, na huko chini nikapiga kelele, "Mzee, geuza mtutu ukutani! Toa kidole!"

Wateja wote wakageuka kututazama.

"Wote wamejifunza kwenye sinema," akanung'unika Tom, ninayefanya naye kazi.

Mzee akaiweka chini, uso umemwiva. "Ni kweli," akasema. "Hakuna aliyewahi kunifundisha. Nionyeshe."

Hasira ikaniisha palepale. Nilikuwa nimemwona mjeuri, kumbe hajui tu. Nikamwonyesha namna ya kuishika na kuikagua, naye akarudia mara tatu, polepole. Nilipotaka kuirudisha kabatini akaizuia kwanza.

"Kagua na wewe," akaniambia. "Usiniamini."

Nikakagua. Tukacheka wote wawili.

Mkumbatie shangazi kwa niaba yangu.

Dada yako,
Rehema