Ua Jekundu la Mlimani

Wambui wangu,

Huku Ngoingwa tuko salama. Ng'ombe amezaa, na lile ua jekundu la guka, babu yako, limechanua tena. Umeniuliza nilijuaje kwamba ndiye wa kunioa. Nacheka hata nikiandika.

Wengine waliniletea maua ya kukatwa. Yeye alilichimba lake Nyandarua, kwenye nyasi za mlimani zenye maji, akanifikishia na mizizi yote ndani ya mkebe, tope likidondoka kwa sakafu ya mama.

"Hili linapenda maji sana," akasema. "Nitakuwa nikikuja kulimwagilia."

Akaja kila Jumapili. Hata mvua ikinyesha alifika, amelowa chapachapa, ndoo ya maji mkononi.

Leo kunanyesha, na ndoo yangu siioni jikoni, wala guka yako.

Shosho yako